Ruta ya Safari Inaposema "Imeunganishwa" na Intaneti Haipo

Ruta ya safari ni kifaa kidogo cha kutosha kiganjani. Hujiunga na Wi-Fi ya hoteli kama simu yoyote, kisha hutoa Wi-Fi yake yenyewe ambayo vifaa vyenu vyote tayari vinaijua. Familia ikifika Maskati au Istanbul haihangaiki kuandika nenosiri jipya kwenye kila simu. Hoteli inayoruhusu vifaa viwili kwa chumba inaona kifaa kimoja tu. Hata Chromecast ya zamani, kifaa cha kurushia video kwenye runinga ambacho hakina namna ya kujaza ukurasa wa kuingilia wa hoteli, inapata mtandao bila kuulizwa namba ya chumba.

Shida ni kwamba ruta ikigoma haisemi imegomea wapi. Alama ya Wi-Fi kwenye simu imejaa, chini yake pameandikwa "Imeunganishwa, hakuna intaneti", na mwenye nayo anaanza kubadilisha kila kitu kwa mkupuo: nenosiri, VPN (huduma inayosimba mawasiliano yako na kuyapitisha kwenye seva nyingine), mwisho anabonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani. Muda si mrefu hajui tena ni kipi kilikuwa kizima na ni kipi kibovu. Ndiyo maana nasisitiza kazi hii ifanyike nyumbani, siku kadhaa kabla ya safari. Nyumbani una mtandao unaoujua, una simu ya pili, na una muda. Hotelini usiku, umetoka uwanja wa ndege na watoto wanasinzia, huna njia ya kujua kama kosa ni la ruta, la hoteli au la kampuni ya simu ya nchi ile.

Kuna Wi-Fi mbili hapo

Ya kwanza ni kati ya simu yako na ruta. Ya pili ni kati ya ruta na hoteli. Alama iliyo juu ya kioo cha simu inazungumzia ile ya kwanza tu. Ya pili haiioni kabisa. Ruta ni kama mpangaji aliyekodi chumba kwa jina lake na kukaa humo na ndugu zake: mwenye nyumba anamjua yeye peke yake, na kila barua ya ndugu hao inapitia mikononi mwake. Mpangaji akiwa hajaruhusiwa kuingia, ndugu wote wanabaki nje hata kama wanaelewana naye vizuri.

Kwa hiyo swali la kwanza si "kwa nini hakuna intaneti?" Uliza kwanza kama simu inaifikia ruta. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta yenyewe. Kwa ruta za GL.iNet ni 192.168.8.1, kwa ruta nyingi za TP-Link ni 192.168.0.1 au tplinkwifi.net. Ukurasa ukifunguka, Wi-Fi ya kwanza ni nzima, na kuanzia hapo usiguse tena nenosiri la simu. Usipofunguka, tazama anwani ambayo simu imepewa. Ikianza na 169.254, maana yake hakuna aliyeijibu ilipoomba anwani, ikajipa yenyewe. Isahaulishe Wi-Fi hiyo, zima ruta, washa, uunganishe upya.

Kabla ya jaribio lolote, zima data ya laini kwenye simu. Hili watu hulipuuza na linawapotosha vibaya. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti hurudi kimyakimya kwenye bando. Matokeo yake ni mawili, yote mabaya: ukurasa wa ruta haufunguki ingawa ruta ni nzima, au video inacheza vizuri nawe unadhani ruta imepona, kumbe ni bando lako linaloliwa.

Simu ikishaifikia ruta, ingia kwenye ukurasa wa ruta utazame kama ruta nayo imepewa anwani na mtandao wa nje. Hakuna anwani? Tatizo liko kwenye mawimbi, nenosiri la hoteli, au aina ya ulinzi. Anwani ipo? Basi jaribu kufikia namba tupu, kwa mfano kupingi (kutuma ujumbe mdogo wa kuuliza "upo?") 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google, kisha jina la tovuti. Namba ikijibu na jina lisijibu, kosa ni la DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Visipojibu vyote viwili ilhali anwani ipo, mara nyingi mtandao wa nje unakungoja uingie kwenye ukurasa wake, au VPN imefunga njia. Tahadhari moja: mitandao mingine huzuia kupingi kwa makusudi, kwa hiyo kukosa jibu la pingi peke yake si ushahidi. Maswali hayo yakifuatwa kwa mpangilio, bila kuruka, hukuambia sehemu ya kushughulikia ni ipi.

Jenga hoteli nyumbani

Njia bora ya kuipima ruta ni kuipa "hoteli" ya bandia. Washa hotspoti kwenye simu ya pili, halafu iagize ruta ijiunge nayo. Kwenye ukurasa wa ruta za GL.iNet sehemu hiyo imeandikwa "Repeater". Kwa nyingine utaona "Hotspot" au "WISP". Baadhi ya ruta ndogo za TP-Link zina swichi ubavuni ya kuchagua namna ya kufanya kazi, na swichi hiyo ikiwa imeteleza kidogo begini, hakuna kitakachokwenda sawa hadi uirudishe mahali pake na kuiwasha ruta upya.

Hotspoti ya iPhone ina tabia zake. Kuanzia iPhone 12, hotspoti hurushwa kwenye bendi (fungu la masafa ya mawimbi) ya 5 GHz. Ruta ya bei nafuu yenye 2.4 GHz pekee haitaiona kamwe, na mwenye nayo atalaumu ruta bure. Washa kitufe kilichoandikwa "Maximize Compatibility" ndipo hotspoti ishuke kwenye 2.4 GHz. Acha pia ukurasa wa hotspoti ukiwa wazi wakati ruta inatafuta, kwa sababu iPhone huacha kutangaza jina lake ikiona hakuna anayejiunga. Na kama jina la simu lina alama ya mkato wa juu, kama majina ambayo iPhone za Kiingereza hujipa zenyewe, libadilishe liwe herufi tupu. Alama ile si ile iliyo kwenye kibodi ya kompyuta, na ukiliandika jina kwa mkono kwenye ruta halitalingana.

Ruta ikifanya kazi na hotspoti, umeshathibitisha kwamba ni nzima kwa sehemu kubwa. Kilichobaki ni kuipima mahali penye ukurasa wa kuingilia, ambao hotspoti ya simu haina. Ichukue ruta pamoja na pawabenki uende mgahawani au kwenye ukumbi wa hoteli iliyo karibu nawe, penye Wi-Fi inayokutaka ukubali masharti au ujaze namba ya simu. Kikombe kimoja cha chai mahali hapo kitakufundisha mambo ambayo nyumbani huwezi kuyaona.

Anwani mbili zinazofanana

Hili ni kosa la kawaida sana Afrika Mashariki, na sababu yake ni mahususi. Mitandao ya ndani hutumia anwani kutoka mafungu matatu yaliyotengwa mwaka 1996: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Kila mtengenezaji huchagua anwani yake humo humo. GL.iNet walichagua 192.168.8.1. Huawei nao, kwa vifaa vyao vingi vya mfukoni na ruta za 4G zilizojaa madukani kwetu, walichagua 192.168.8.1 hiyo hiyo.

Sasa iagize ruta ya GL.iNet ijiunge na MiFi, yaani ruta ya mfukoni ya laini, ya Huawei. Upande wa nje inaambiwa mtandao ni 192.168.8, upande wa ndani mtandao ni 192.168.8. Pakiti, yaani kipande cha data, inayotakiwa kwenda kwenye lango la nje inaonekana kuwa ya nyumbani, ruta haijui iipeleke wapi. Utaona nenosiri limekubaliwa, mawimbi ni mazuri, na hakuna kinachopita. Mtu anaweza kuirudisha ruta dukani kwa sababu ya tarakimu moja.

Dawa ni kubadilisha anwani ya ndani ya ruta ya safari kabla ya kuondoka, na kuiweka mahali ambapo hoteli haielekei kukaa. Mimi huchagua kitu kama 192.168.137 kwenda juu, au 10 ikifuatiwa na namba zisizo za duara, kwa mfano 10.73.41.1. Kwepa 192.168.0, 192.168.1, 192.168.100 na 10.0.0, kwa kuwa ndizo zinazopendwa na watengenezaji na mafundi wa hoteli. Kwepa pia 172.20.10, ambayo ni ya hotspoti ya iPhone. Ukishabadilisha, iandike anwani mpya kwenye kipande cha karatasi na kukibandika chini ya ruta, maana ile iliyochapishwa kiwandani sasa haifai tena.

Ukurasa wa kuingilia

Hapa ndipo wasafiri wengi hukwama, na inafaa kuelewa kinachotokea ndani.

Kifaa kipya kikijiunga na Wi-Fi ya hoteli, hupewa anwani lakini hakiruhusiwi kutoka. Kikiomba ukurasa wowote wa kawaida wa http (usiosimbwa), lango la hoteli hulikamata ombi lile na kujibu kwa kukuelekeza kwenye ukurasa wake. Ukijaza jina na namba ya chumba, lango huandika anwani ya MAC ya kifaa chako kwenye orodha ya walioruhusiwa. Anwani ya MAC ni namba ya utambulisho ya kipokezi cha Wi-Fi. Ukiwa nyuma ya ruta, MAC inayoonekana hotelini ni ya ruta, kwa hiyo mtu mmoja akiingia kwa simu yake kupitia ruta, wote waliomo wameingia.

Simu hujua kuna ukurasa wa namna hii kwa kuuliza swali dogo kila inapojiunga. iPhone hufungua captive.apple.com ikitarajia neno "Success". Android huuliza connectivitycheck.gstatic.com na kutarajia jibu tupu lenye namba 204. Jibu likija tofauti, simu inajua imekamatwa, na inakufungulia dirisha la kuingia. Lakini unapojiunga na Wi-Fi ya ruta yako kabla ruta haijajiunga na hoteli, simu imeshauliza na kukata tamaa. Dirisha halitokei. Suluhisho ni kuzima Wi-Fi ya simu na kuiwasha tena baada ya ruta kupata anwani ya hoteli, au kufungua mwenyewe neverssl.com, tovuti iliyotengenezwa makusudi bila usimbaji ili lango lipate kitu cha kukamata. Ukifungua tovuti ya benki au Google, hutafika popote. Kurasa za https haziwezi kuelekezwa kwingine bila kivinjari kupiga kelele, na ndivyo zinavyopaswa kuwa.

Sasa vipo vizuizi ambavyo wewe mwenyewe umevijenga, kwa nia njema, na vinauzuia ukurasa usionekane.

DNS uliyoichagua ni cha kwanza. Watu huweka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye ruta kwa sababu walisoma kwamba ni ya haraka. Lango la hoteli mara nyingi hutegemea DNS yake ndiyo ikujibu jina la ukurasa wa kuingilia. Jina hilo halijulikani kwingineko duniani. Kuhusu 1.1.1.1 kuna kisa cha ziada. Kwa miaka mingi mitambo ya Wi-Fi ya Cisco iliwekwa na mafundi ikitumia 1.1.1.1 kama anwani ya ukurasa wa kuingilia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitumia hadharani. Cloudflare walipoanzisha DNS yao kwenye anwani hiyo tarehe 1 Aprili 2018, hoteli zenye mitambo hiyo hazikubadilika siku hiyo hiyo. Mahali penye mtambo wa namna hiyo, ruta inayotaka kuuliza DNS kwa 1.1.1.1 inaongea na mtambo wa hoteli uliomo darini.

DNS iliyosimbwa ni kali zaidi, kwa sababu haikubali kuelekezwa hata kidogo. Izime kwenye ruta, na usisahau kwamba simu za Android zina "Private DNS" yao, na iPhone zenye malipo ya iCloud zina "Private Relay". Kizuizi cha tatu ni kinga iitwayo "DNS Rebinding Attack Protection" kwenye ukurasa wa GL.iNet. Kazi yake ni kukataa jina la tovuti linalojibiwa kwa anwani ya ndani. Ni kinga nzuri, ila ukurasa wa hoteli ni jina linalojibiwa kwa anwani ya ndani, na ruta inalitupa jibu bila kukuambia. Ukurasa usipotokea kabisa ilhali anwani ipo, zima kinga hii kwanza, ingia, kisha iwashe tena.

Ushauri wangu ni uiweke ruta katika hali ya kawaida kabisa siku ya kuondoka: DNS ya kupewa na mtandao wa nje, kinga ya majina imezimwa, VPN imezimwa. Ingia kwanza hotelini. Ukishathibitisha intaneti ipo, rudisha ulinzi wako, kimoja baada ya kingine.

Kuazima utambulisho wa simu

Kuna hoteli ambazo ukurasa wao haufunguki vizuri kupitia ruta hata ufanyeje. Hapo hutumika njia ya kuingilia dirishani: unaingia kwa simu moja kwa moja kwenye Wi-Fi ya hoteli, halafu unaiambia ruta ijitambulishe kwa MAC ya simu ile. Kwenye ukurasa wa ruta huandikwa "Clone". Lango la hoteli linadhani ni simu ile ile iliyokwisha kuruhusiwa.

Ufundi huu ulikuwa rahisi zamani. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hutumia MAC ya kubuni, tofauti kwa kila mtandao, ili wafanyabiashara wasiweze kukufuatilia. Kwa hiyo ile MAC unayoikuta kwenye sehemu ya "Kuhusu simu" siyo iliyoonekana hotelini. Ichukue kwenye maelezo ya Wi-Fi ya hoteli yenyewe, ukiwa umeunganishwa nayo. Kwenye iPhone yenye iOS 18 hakikisha chaguo limewekwa "Fixed". Likiwa "Rotating" namba itabadilika baada ya muda. Ukishainakili, isahaulishe simu Wi-Fi ya hoteli. Vifaa viwili vyenye MAC moja kwenye mtandao mmoja hunyang'anyana pakiti, na utaona intaneti inakuja na kukata, inakuja na kukata.

Mtandao wa chuo wa eduroam ni jambo jingine. Upo vyuoni Kenya kupitia KENET, Tanzania kupitia TERNET na Uganda kupitia RENU, kama ulivyo Ulaya na Marekani, na hauna ukurasa wa kuingilia. Unataka jina la mtumiaji na nenosiri lake kabla hata ya kutoa anwani. Ruta nyingi ndogo haziwezi kujaza hayo. Mwanafunzi anayekwenda kuhudhuria kozi fupi aangalie kwanza kama ruta yake ina chaguo la "Enterprise" au "EAP". Kama haina, hakuna marekebisho yatakayosaidia.

VPN na saa ya ruta

Wengi hununua ruta ya safari ili VPN iwashwe mara moja na kuwafunika wote. Ni sababu nzuri, ila VPN huongeza tabaka la kukosewa.

Kufuli ya VPN, ile inayozuia kila kitu VPN isipokuwa hewani, huzuia pia ukurasa wa hoteli. VPN haiwezi kuunganika mpaka uingie, na huwezi kuingia mpaka VPN iunganike. Zima kufuli, ingia, washa.

Saa ndiyo isiyoshukiwa na mtu. Ruta ndogo nyingi hazina betri ya kutunza saa. Ikichomolewa Dar es Salaam na kuchomekwa Dubai, inaamka ikidhani bado ni tarehe ya zamani, mara nyingi siku ulipoihifadhi mipangilio kwa mara ya mwisho. WireGuard, aina mojawapo ya VPN, hupeleka muda ndani ya ombi lake la kwanza, na seva hukataa ombi lenye muda wa nyuma kuliko lile la mwisho ililolipokea kutoka kwako. Hiyo ni kinga dhidi ya mtu anayerudia pakiti zilizoibwa. DNS iliyosimbwa nayo hukagua vyeti kwa kutumia saa. Ruta inahitaji kuuliza saa mtandaoni, lakini ili kuipata seva ya saa inahitaji DNS, na DNS inahitaji saa sahihi. Ukiona VPN iliyofanya kazi jana nyumbani inagoma baada ya kuchomolewa, fungua ukurasa wa ruta na usome tarehe. Kwenye ruta nyingi kuna kitufe cha kuinakili saa kutoka kwenye kivinjari chako, na mara nyingi kitufe hicho kinatosha.

Kama VPN inaunganika na ujumbe mfupi unapita, ila kurasa kubwa zinakwama katikati, shuku ukubwa wa pakiti. WireGuard huanza na MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya 1420. Ishushe hadi 1280, ujaribu tena. Kama haiunganiki kabisa mahali pamoja tu, huenda hoteli imezuia UDP, namna ya kutuma pakiti ambayo WireGuard hutegemea. OpenVPN, aina nyingine ya VPN, ikipitishwa kwa TCP (namna nyingine ya kutuma pakiti) kwenye mlango wa 443 hupita mahali pengi kwa kuwa hufanana na trafiki ya kawaida ya wavuti.

Anayetaka kurudi kwenye mtandao wa nyumbani kwake, kwa kuacha seva ya VPN sebuleni, aangalie anwani ambayo kampuni ya mtandao imempa. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani moja ya nje na wateja wengine, na hakuna anayeweza kugonga mlango wako kutoka nje. Intaneti za laini ya 4G na za Starlink kwa kawaida ziko hivyo. Huduma kama Tailscale na ZeroTier zina njia ya kuzunguka kikwazo hiki, nazo zinahitaji kuwekwa kabla hujaondoka.

Halafu kuna sheria. Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Falme za Kiarabu, anayetumia VPN kutenda kosa au kulificha anakabiliwa na faini ya dirham 500,000 hadi milioni 2. Huko huko simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa kwa muda mrefu huku ujumbe wa maandishi ukipita. Msafiri asiyejua hili anaweza kukesha akiifungua na kuifunga ruta ambayo haina kosa lolote.

Mawimbi

Ruta yenye bendi mbili inaweza kupokea hoteli kwa 2.4 GHz na kuwapa nyinyi 5 GHz, au kinyume chake. Fanya hivyo kila inapowezekana. Ikipokea na kutoa kwa bendi moja, redio ile ile inafanya kazi mbili kwa zamu na kasi hushuka karibu nusu. Si hivyo tu: redio moja haiwezi kukaa kwenye chaneli mbili, kwa hiyo Wi-Fi yako inaburutwa kwenye chaneli ya hoteli.

Kuburutwa huko kuna madhara kwenye 5 GHz. Chaneli za 52 hadi 64 na 100 hadi 144 hutumiwa pia na rada. Sheria inaitaka ruta isikilize kwanza, kwa kawaida sekunde 60, kabla ya kurusha, na ruta nyingi ndogo haziruhusiwi kurusha humo kabisa. Hoteli ikiwa kwenye chaneli 100, ruta yako inajiunga vizuri kisha Wi-Fi yako mwenyewe inatoweka kwenye orodha ya simu. Inatisha usipojua chanzo. Ijiunge na hoteli kwa 2.4 GHz, itarudi.

Ruta iliyoletwa zawadi na ndugu aliye Marekani ina kasoro moja ya kisheria. Huko 2.4 GHz hutumika chaneli 1 hadi 11, wakati Ulaya na kwetu 12 na 13 nazo huruhusiwa. Hoteli ikiwa kwenye 13, simu yako iliyonunuliwa Kariakoo inaiona, ruta haiioni. Omba hoteli ikupe jina la Wi-Fi ya 5 GHz, au tumia kebo kama chumba kina tundu lake. Kebo, kwa kweli, ndiyo ninayoipendelea popote ilipo. Beba ya mita mbili.

Kuhusu nguvu ya mawimbi, tazama namba ya dBm kwenye ukurasa wa ruta. Minus 60 ni nzuri, minus 75 ni ya mashaka, chini ya minus 80 usitarajie kitu. Kusogeza ruta kutoka nyuma ya runinga hadi karibu na mlango wa chumba hubadilisha namba hiyo zaidi ya mpangilio wowote, kwa kuwa mitambo ya hoteli nyingi iko kwenye korido.

Umeme na laini

Ruta ikijizima na kujiwasha kila watu wanapoanza kutazama video, angalia chaja kabla ya kitu kingine. Ruta nyingi hizi zinahitaji volti 5 na ampea 2 au 3. Tundu la USB la runinga linaweza kutoa nusu ampea tu: linatosha kuwasha taa, halitoshi kurusha mawimbi kwa nguvu. Kebo ndefu ya bei rahisi hupoteza volti njiani hata chaja ikiwa nzuri. Funga pamoja ruta, chaja na kebo ulizozijaribu, zisiazimwe na mtu. Oman na Falme za Kiarabu zina soketi ya pini tatu za bapa kama yetu Tanzania, Kenya na Uganda. Uturuki na Ujerumani ni pini mbili za mviringo, Marekani ni mbili za bapa.

Ruta yenye nafasi ya laini ijaribiwe na laini yoyote uliyo nayo, ikiwa imeondolewa PIN. Ikisoma laini na kuonyesha mawimbi lakini intaneti haipo, APN, yaani jina la lango la data la kampuni ya simu, haikujazwa. Tafuta APN ya kampuni ya unakokwenda uiandike mapema. Ikishindwa kupata mawimbi kabisa katika nchi fulani, linganisha bendi zake na za huko. Ulaya bendi 3 na 20 ni za kawaida. Marekani hutumia 2, 12, 13 na 66, na ruta iliyotengenezwa kwa soko moja huweza kuwa kiziwi kwenye soko jingine.

Yote yakifanya kazi, hifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta au simu. Ruta nyingi zina kitufe cha kuipakua. Sasisha programu ya ndani ya ruta sasa hivi kama kuna toleo jipya, kisha rudia jaribio la hotspoti. Usisasishe usiku wa kuamkia safari wala ukiwa hotelini, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya usasishaji ruta inaweza isiwake tena.

Na kama hadi siku ya kufunga begi ruta bado haijakubali, iache. Simu kadhaa za Android zinaweza kupokea Wi-Fi na kuitoa tena kama hotspoti kwa wakati mmoja. Jaribu yako, ukiwa umezima data ya laini, uone kama simu ya pili inapata mtandao kupitia kwayo. Kompyuta zenye Windows 10 au 11 zina "Mobile hotspot" inayofanya kazi hiyo hiyo. iPhone haiwezi, hotspoti yake hutoa data ya laini pekee.